Sekunde Kumi na Nane za Mzee Kihara

Ungetaka kuona wazee wawili wakitukanana saa tatu mfululizo na kuagana wakiwa marafiki zaidi kuliko walivyokutana, ungefika Laini Saba siku ya Jumapili, kwenye karakana ya Oloo, hatua chache kutoka reli. Oloo alikuwa fundi wa vitanda. Vitanda vyake vilisifika kwa kunyamaza, na sifa hiyo peke yake ilimtosha kupata wateja, maana kuta za mabati hazijui kumtunzia mtu siri. Jumapili msumeno ulilala. Oloo aliweka ubao wa drafti juu ya kitanda ambacho hakijapigwa vanishi, akavuta vigoda viwili, akamngoja Kihara.

Kihara alikuwa mwenye ploti huko Kawangware: vyumba ishirini na viwili, vyoo viwili, mfereji mmoja na kufuli moja kubwa getini. Oloo na mkewe Caren walikuwa wapangaji wake wa chumba nambari tisa kwa karibu miaka ishirini. Kila Jumapili baada ya kanisa mzee huyo, mtu wa mlima, alipanda boda hadi Laini Saba, kwa watu wa ziwa kama Oloo, koti la suti juu, raba chini, akaketi mbele ya mpangaji wake na kumwita "omera", ndugu kwa lugha ya ziwa, kwa lafudhi iliyowachekesha hata kuku. Oloo naye alimwita "muthee", mzee kwa lugha ya mlima, akilivuta neno kama mtu anayevuta ng'ombe asiyetaka kuvuka reli.

Walicheza kwa visoda, vile vifuniko vya chupa za soda. Vya Oloo vililala chali, vya Kihara kifudifudi. Na walikuwa na sheria ambayo huwezi kuikuta kwenye drafti ya mtu mwingine: ukila kisoda cha mwenzako, lazima ulitukane kabila lake. Aliyeliwa anajibu. Anayecheka kwanza anapoteza zamu. Matusi ya mama hayaruhusiwi. Mengine yote, ruksa.

Sheria hiyo ilitungwa mwanzoni mwa mwaka wa 2008, ndani ya stoo ya makaa ya Kihara, wakati nchi ilipopasuka kama kibuyu baada ya kura. Kihara alimficha Oloo na Caren humo siku tisa. Nje vijana walipita wakiimba watakavyowafanya watu wa ziwa. Ndani, Kihara alileta ugali, mkebe wa visoda na ubao aliouchora kwa kipande cha kaa. Kila tusi lililopita nje, Kihara alilinong'ona tena juu ya ubao, akalitia chumvi mpaka likawa la kipuuzi, na Oloo akamjibu kwa lile ambalo watu wa ziwa nao walikuwa wakiliimba kwingine. Anayecheka anapoteza. Siku zile ukicheka kwa sauti ungepoteza zaidi ya zamu.

Sasa, mlangoni mwa karakana palikuwa na kioski cha upana wa kabati, na ndani yake Billy, mtoto wa kaka yake Oloo, miaka ishirini na tatu, amemaliza Kidato cha Nne na cheti chake kimo kwenye sanduku mahali fulani kikiendelea kupumzika. Billy aliuza kava za simu, akawawekea watu sinema kwenye flashi. Mdomo wake ulikuwa na breki za baiskeli ya kuazima. Aliwapenda wale wazee wawili kuliko sinema yoyote aliyokuwa nayo, na Jumapili moja ya mwezi wa tano aliinua simu akawarekodi.

Kura ilikuwa bado mbali, mwaka mzima na zaidi, lakini kwenye simu za watu ilikuwa imeshafika.

Kihara aliruka akala visoda viwili kwa mpigo. Akanyoosha kidole, uso umekaza kama mtu anayehutubia mkutano.

"Nyinyi watu wa ziwa! Mnakuja hapa na ndoo moja na kelele mbili. Kura ikifika mnarusha mawe, ikiisha mnaomba maji. Safari hii hakuna cha kuomba. Tunafunga mfereji, tunafunga geti, tunawapa nauli ya nusu njia. Mkafie mbele!"

Akafunga mdomo. Oloo hakutikisika.

"Na nyinyi wa mlima," akajibu polepole, "mtu wenu akifa, kabla ya kuzika lazima mwangushe sarafu kando ya jeneza. Asipoamka, ndio mjue amekufa kweli. Mmekula nchi mpaka sufuria ikatoboka, sasa mnalamba mafiga. Ngojeni kura! Tutawapandisha mlimani kwa miguu, na hayo mageti mtatuachia, funguo zikining'inia!"

Kihara alijaza hewa mashavuni. Machozi yakamtoka. Akashika meno yake ya bandia kwa vidole viwili yasiende, halafu kicheko kikampasua, akainama mpaka paji la uso likagusa ubao na kuvuruga visoda. Oloo akamletea maji kwenye jagi. "Omera," Kihara akasema akihema, "funguo zikining'inia! Umeniua. Haya, zamu imeenda."

Dakika sita kamili, na kila sekunde dhahabu. Ila Billy alijua biashara yake. Video ya dakika sita ni kama mahubiri ya dakika sitini: waumini wanaitikia amina huku wakitafuta mlango. Mtu amenunua bando ya shilingi ishirini. Hawezi kuimaliza akimngoja mzee mmoja anywe maji. Kwa hiyo Billy alikata. Alichukua uso wa Kihara peke yake, kidole juu, ubao nje ya picha, Oloo nje ya picha. Akaanzia "nyinyi watu wa ziwa" na kuishia pale mzee alipofunga mdomo. Sekunde kumi na nane. Akaitupa kwenye grupu moja la WhatsApp lililoitwa Ziwa Ngumu, watu mia saba na ushee, na chini yake emoji tatu za kucheka.

Emoji hazisafiri. Ukituma video mbele, maelezo hubaki nyuma kama viatu mlangoni mwa msikiti. Jumapili hiyo jioni watu wa Laini Saba walicheka, kwa sababu walimjua mzee na koti lake. Mtu akaituma kwa mtu wa mtaa wa Olympic, wa Olympic akaituma kwa asiyejulikana, na Jumatatu asubuhi ilimrudia Billy ikiwa na ngoma za vita, miali ya moto pembeni na maandishi mekundu: MWENYE PLOTI KAWANGWARE ATOA ONYO. WATATUFUNGIA MAJI. AMKENI!

Saa nne Chris alisimamisha pikipiki mbele ya kioski. Chris alikuwa mwendesha boda wa steji ya Olympic na ndiye adimini wa Ziwa Ngumu, na tangu alipopewa kazi hiyo ya pili alitembea kama mtu mwenye walinzi.

"Billy! Manze, umetuamsha."

"Nimewaamsha nani? Si ile ni drafti, bana. Ni mzee Kihara. Wewe mwenyewe umewahi kumbeba."

"Nimembeba, ndiyo. Sikujua nimebeba nini."

"Chris, wacha hizo. Walikuwa wanatoana jasho tu. Anko alimjibu mpaka akalia."

"Kujibu sijaona. Nimeona anavyosema." Chris akagonga kioo cha simu kwa kucha. "Hapa kuna watu elfu arobaini wameona anavyosema. Sasa wewe peke yako ndio una macho?"

Hilo la elfu arobaini ndilo lililomkwamisha Billy. Alikuwa na maneno ya kujibu, na maneno kwake hayakuwahi kuwa haba, lakini elfu arobaini ziliingia kichwani kama pombe ya bure. Hakuna kitu alichowahi kukifanya maishani kikaonwa na watu elfu arobaini. Hata alipozaliwa, baba yake alichelewa.

Mchana huo dhamiri ilimchoma kidogo, kwa hiyo akaamua kusawazisha. Alifikiri kama muuza nyama: upande huu wa mizani umezidi, tupia mfupa upande ule. Akarudi kwenye ile video ndefu, akakata jibu la Oloo, sekunde kumi na tisa, uso wa anko peke yake, akamtumia Kabiru.

Kabiru alikuwa mjukuu wa Kihara, rafiki yake Billy tangu sekondari, na ndiye aliyesimamia ploti ya babu yake.

"Niaje Kabiru," Billy akampigia. "Weka hiyo kwa grupu yenu ya Kawangware, wasee wajue huyu wetu pia si malaika. Ngoma iwe droo."

"Haa! Funguo zikining'inia!" Kabiru alicheka mpaka akakohoa. "Oloo ni mnoma. Naweka saa hii."

Na akaweka. Hapo ndipo mizani ilipovunjika, kwa sababu Billy alisahau jambo moja: waliokuwa Ziwa Ngumu hawakuwa kwenye grupu la Kawangware, na wa Kawangware hawakuwa Ziwa Ngumu. Hakuna chumba hata kimoja kilichopata droo. Kila chumba kilipata bao moja, la kufungwa.

Jumatano Caren alienda mferejini na ndoo mbili kama kawaida. Simu yake ilikuwa kabambe, ile ndogo ya vibonyezo, ya tochi na redio tu. Kama kuna vita vilivyokuwa vikipiganwa kwenye simu, yeye hakualikwa. Nyawira wa chumba nambari nne, ambaye kila siku humshikia nafasi, alikuwa ameusogeza mtungi wake mbele bila kuacha nafasi yoyote.

"Nyawira, kwani leo umeniacha?"

"Foleni ni foleni, mama."

Mama. Tangu lini Nyawira alimwita mama? Walikuwa wameitana majina tangu watoto wao wakinyonya.

"Nimekosea wapi?"

"Muulize mzee wako." Nyawira hakumtazama. "Muulize ni mageti gani anataka tumwachie."

Caren alirudi na ndoo tupu. Kwenye mlango wa chumba nambari tisa mtu alikuwa amechora msalaba wa mshazari kwa chaki, si mkubwa, kama wa mwalimu anayekosoa hesabu. Alama hiyo Caren aliwahi kuiona, mwaka 2008, kwenye milango ya watu waliotakiwa kufukuzwa. Hakupiga kelele. Aliifuta kwa kanga, akaingia, akatoa begi chini ya kitanda, akatia vyeti vya kuzaliwa vya watoto, blanketi moja, dawa yake ya presha na viatu vya Oloo vya kwenda nyumbani. Akaliweka begi kando ya mlango, mpini ukitazama nje. Mtu aliyewahi kukimbia hajisahau upande wa mpini.

Wenye ploti wenzake walimwita Kihara mkutanoni kwenye hoteli ya chai. Aliyesimulia baadaye ni Kabiru. Walimwambia, mzee, una nyoka chumba nambari tisa. Kihara akasema hakuna anayemchagulia mpangaji, akaacha chai yake mezani. Hilo lilikuwa Jumatano. Lakini kesho yake alibadilisha kufuli la geti. Akagawa funguo mpya chumba kwa chumba siku hiyohiyo, ila za nambari tisa zikafika Ijumaa asubuhi.

"Nilisahau," alimwambia Caren.

"Ndiyo, mzee," Caren akasema. "Hata mimi husahau."

Alhamisi Billy alikuwa ameshaona mambo yamekuwa mazito. Akaichukua video yote, dakika sita, kicheko, machozi, jagi la maji na yote, akaitupa Ziwa Ngumu. Akaandika: *Jamani hii ndiyo yenyewe, tazameni mpaka mwisho.* Akangoja. Alitazama Billy mwenyewe. Alitazama mtu mwingine mmoja, na huyo akaandika:

*Dakika 6?? Nani ana bando ya kuona wazee*

Wa pili akaandika: *Hiyo ni ya AI. Ona meno yanavyosogea.*

"Ni meno ya bandia!" Billy alipiga kelele peke yake kioskini, mpaka mteja aliyekuwa akichagua kava akarudisha kava.

Wa tatu: *Billy umelipwa ngapi na watu wa mlima*

Halafu Chris: *Hapa hatutaki mapandikizi.* Na chini yake, kwa herufi ndogo za kijivu zisizo na hasira wala huruma: Chris amemwondoa Billy.

Kabiru naye alijaribu video hiyo ndefu upande wake. Yeye hakuondolewa, alipigiwa simu na mtu wa heshima akaulizwa kama amesahau makaburi ya watu wao wa 2008 yako wapi. Akaifuta mwenyewe.

Kwa hiyo Ijumaa mchana Billy alifunga kioski, akaingia karakana akiwa na simu mkononi. Oloo alikuwa ameketi juu ya rundo la mbao. Kitanda kimoja kilikuwa mbele yake, miguu mitatu. Wa nne alikuwa ameushika tu.

"Anko, tazama hii yote. Usikatize."

Oloo akatazama. Midomo yake ilitembea na maneno yake mwenyewe alipofika kwenye sarafu na jeneza. Kihara aliposhika meno, Billy alimkodolea anko wake macho, akingoja tabasamu. Lilikuja hadi nusu ya shavu, likageuka, likarudi lilikotoka.

"Rudisha nyuma."

"Wapi?"

"Kabla sijajibu. Pale anaponyoosha kidole."

Akatazama. "Tena." Akatazama tena, simu ameisogeza karibu na pua. "Unaona jicho hilo?"

"Jicho gani, anko? Si anacheka!"

"Anacheka baadaye. Hapo bado. Hapo hajacheka."

"Hiyo ni sheria! Akicheka anapoteza zamu!"

"Sheria najua, mimi ndiye niliyeitunga." Oloo aliweka mguu wa kitanda chini. "Billy, ile fupi imenijia kutoka kila mahali. Binamu wa Bondo ametuma. Shemeji wa Mombasa ametuma. Kijana wa jirani Mideva, yule tulimchangia pasipoti, ametuma kutoka Qatar na kuniuliza kama niko hai. Kila ikija naifungua niifute. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya kumi nikasema, kwani kwa nini alitaja mfereji? Mfereji ni wake kweli. Geti ni lake kweli. Mimi nikimtisha Kihara, nitamfungia nini? Kitanda?"

Billy aliketi kando yake juu ya mbao.

"Alikuficha, anko. Siku tisa."

"Alinificha. Ndio maana nilicheka miaka kumi na minane." Oloo akamrudishia simu. "Hata mtu aliyekuficha, ufunguo anabaki nao yeye."

Treni ya mizigo ilipita, mabati yakatetemeka, na wote wawili wakangoja ipite kwa sababu hakuna anayeongea treni ikipita.

"Ni mimi niliyekata," Billy akasema. "Zote mbili. Yake na yako."

"Najua. Nani mwingine alikuwa na simu hapa?"

"Nipige basi. Nitukane."

"Nikutukane kwa lipi?" Oloo alisema bila ukali wowote, na hilo ndilo lililouma. "Ulikata video. Maneno hukututilia mdomoni. Hilo ndilo nililokuwa nikilifikiria hapa kabla hujaingia. Nimesikia nilivyosema mageti mtatuachia. Nikajiuliza, Oloo, siku ile ulikuwa unacheza kweli? Umepanga chumba kimoja miaka ishirini. Hujawahi kutamani lile geti?"

Aliuokota mguu wa kitanda, akautazama kama mtu aliyesahau unaingia wapi.

Billy aliamini kwamba kitu kimoja tu kingeokoa mambo: wakikaa tena pale, ubao katikati, matusi yatarudi yenyewe, na yakirudi kila mmoja ataona jicho la mwenzake bila simu katikati. Jumamosi alipiga simu mara nne Kawangware. Mara ya nne Kabiru akasema kuhusu babu yake, "Guka amesema anakuja. Lakini nitakuja naye."

Na kweli Jumapili Kihara alikuja. Boda ilikataa kuwashusha karibu. Iliwaacha mbali, wakatembea kandokando ya reli, mzee mbele na koti lake, Kabiru nyuma akitazama pande zote. Vijana kumi hivi walikuwa wameketi juu ya vyuma. Mmoja wao akapaza sauti:

"Mzee wa mfereji! Tumekuja kuomba maji!"

Wakacheka. Kicheko hicho kilikuwa na meno tu. Kisha bonge la tope likaruka kutoka mahali fulani, likampata Kihara begani. Hakugeuka, hakulifuta. Aliingia karakana nalo.

"Karibu, Bwana Kihara," Oloo akasema akisimama.

Billy aligeuka. Bwana?

"Asante, Bwana Oloo. Habari za nyumbani?"

"Nzuri. Za kanisani?"

"Nzuri."

Oloo alichukua kitambaa safi akampa. Kihara akafuta bega lake polepole, akakikunja kitambaa mara mbili, akakirudisha. Wakaketi. Visoda vikapangwa, vya huyu chali, vya huyu kifudifudi.

"Anza wewe, mzee."

"Hapana, anza wewe. Mimi ni mgeni."

Oloo akaanza. Wakacheza vizuri, pengine kuliko siku zote, kwa sababu hakuna aliyekuwa akitafuta tusi huku akitafuta njia. Nje, kwenye mwanya wa mabati, Billy aliona simu mbili tatu zimeinuliwa. Kabiru alienda akasimama pale, mgongo wake ukaziba mwanya.

Kisha Kihara aliruka akala kisoda.

Mkono wake ulibaki hewani na kile kisoda. Sheria ilikuwa inangoja. Mdomo ulifunguka, Billy aliona ulimi ukijiandaa, aliona shavu moja likitaka kupanda. Macho ya mzee yakaenda kwenye mfuko wa Billy wenye simu, yakaenda mgongoni kwa Kabiru, yakaja kwa Oloo. Oloo alikuwa akimtazama jicho. Si uso, jicho. Alikuwa akilichunguza kama fundi anavyochunguza mbao yenye ufa.

Kihara akafunga mdomo. Akakiweka kisoda kando, taratibu.

"Endelea," akasema.

"Asante," akasema Oloo.

Billy hakuweza. Aliruka katikati yao kama refa aliyechanganyikiwa.

"Ai, wazee! Kwani leo ni matanga? Guka, mwambie hawa watu wa ziwa wameoga mara moja tangu uhuru! Anko, na wewe mjibu, mwambie wa mlima walimwuzia Musa zile amri kumi, moja bure! Tukaneni, bana! Si mtukanane kidogo tu!"

Sauti yake iligonga mabati ikarudi kwake mwenyewe.

Wazee walimtazama, wote wawili, kwa uso mmoja.

"Kijana," Kihara akasema, "hayo si maneno mazuri."

"Hayo ndiyo yanayoharibu nchi," Oloo akaongeza. "Heshimu watu."

Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo wao kukubaliana. Billy alirudi nyuma, akaketi kwenye kitanda cha miguu minne ambacho hakikutoa sauti yoyote.

Walicheza mizunguko mingine michache. Oloo alikula viwili, bila neno. Kihara akala kimoja, bila neno. Halafu Oloo, bila kuinua macho kutoka kwenye ubao, akasema, "Mwisho wa mwezi tunahama. Nimepata chumba hapa nyuma ya reli. Caren hapati usingizi huko."

Kihara aliacha kisoda alichokuwa akikisukuma. "Sikukufukuza mimi."

"Najua."

"Watasema nimekufukuza."

"Na huku watasema nimekimbia."

"Funguo zilichelewa kwa bahati mbaya, Bwana Oloo. Nilisahau kweli."

"Nimesikia."

Kihara alisugua goti kwa kiganja. "Ile stoo," akaanza. "Siku zile…" Akamtazama Oloo, na chochote alichokiona pale kikamfanya aliache neno hilo lilipo. "Basi chumba nitakingoja. Sitakipangisha haraka."

"Kipangishe tu, mzee. Usikae na chumba kitupu kwa ajili yangu."

Kabiru aligeuka kutoka kwenye mwanya. "Guka, twende. Wameongezeka huko nje."

Mchezo ulikuwa haujaisha. Kihara alisimama hata hivyo, akavuta koti likakaa sawa, doa la tope bado bichi begani. Akanyoosha mkono juu ya ubao. Oloo naye akasimama, akajipangusa vumbi la mbao kwenye suruali, akaupokea ule mkono kwa mikono yake miwili, ameinama kidogo, vile mtu anavyomsalimu chifu.

"Safari njema, Bwana Kihara."

"Msalimie mama, Bwana Oloo."

Miaka yote hiyo Billy hakuwahi kuwaona wakiheshimiana namna hiyo.